Siku Niliyompindua Askari wa Posta

"Huyu siye," mzee alisema, akanirudishia jarida.

Tulikuwa tumekaa kibarazani kwake, Kariakoo, kwenye mtaa ambao nyumba za Kiswahili zimebaki za kuhesabu na maghorofa yanazichungulia kwa juu. Nilikuwa nimekwenda kujishaua. Picha yangu ilikuwa imechapwa ukurasa mzima: Sanamu ya Askari, pale Posta, Samora inapokutana na Azikiwe. Ilikuwa Agosti 2014, Vita Kuu ya Kwanza inatimiza miaka mia tangu ianze, na mhariri mmoja alikuwa ameniagiza picha. Mzee aliitazama kama mtu anayetazama noti asiyoiamini.

"Siye vipi, babu? Si sanamu ya Bismini hiyo, kama mnavyoiita wazee?"

"Bismini naijua tangu nakwenda mjini miguu mitupu. Bunduki yake inaangalia bandarini. Huyu wako kaipa bahari mgongo."

Nilifungua mdomo nimbishie, nikaufunga. Nilikuwa nimekumbuka.

Nilikwenda pale mara ya kwanza siku ya kazi, saa tatu asubuhi, kwa sababu ndiyo saa niliyopata nafasi. Hilo peke yake lingetosha kuniharibia shughuli. Nilisimama kandokando ya Samora, Mnara wa Saa ukiwa nyuma yangu mbali, bandari mkono wa kulia, na jua la Agosti likinitazama usoni. Kamera haina akili ya kujua umekuja kupiga nini. Ilipima mwanga wa anga nyeupe, ikaridhika, na askari akatoka mweusi tii, kama aliyekatwa kwa mkasi kwenye karatasi. Shaba ya sanamu hunywa mwanga. Ukiiweka mbele ya anga, lazima uchague unampendelea nani, na mimi sikuchagua. Niliacha mashine inichagulie.

Tena nilikuwa na lenzi pana, milimita 18, nikajisogeza karibu na kuinua kamera juu. Majengo yote yakalala nyuma kama yamelewa. Waya ulipita shingoni mwa askari. Kunguru alikuwa amekaa juu ya kofia yake, na kwa Dar es Salaam kunguru si ajali, ni mwenyeji. Bajaji mbili ziliingia kwenye fremu, na pembeni alipita mtu wa mkokoteni amebeba maboksi yaliyompita urefu. Mlinzi mmoja akaja kuniuliza kama nina kibali. Nilipiga picha arobaini na kitu kwa dakika kumi na tano, nikaondoka nikijisemea neno ambalo limewaharibu wapiga picha wengi wa kizazi changu: nitarekebisha kwenye kompyuta.

Na kweli nilirekebisha. Nilivuta vivuli mpaka mwisho, uso wa askari ukatokea, ila umejaa chengachenga kama redio isiyoshika stesheni. Nikaziba chengachenga, ngozi ya shaba ikawa laini kama plastiki. Nikanyoosha majengo, nayo yakasimama wima, lakini programu ikinyoosha huku huvuta kule, askari akarefuka miguu kama mchezaji wa kikapu. Nikaongeza rangi, shaba ikawa kijani cha chupa ya soda. Anga ilikuwa nyeupe, nikaitia bluu. Kisha nikaanza kufuta. Waya nikafuta. Kunguru nikafuta, na michirizi myeupe aliyoiacha yeye na ukoo wake nikaisafisha yote, kazi ambayo sina hakika kama kuna mtu amewahi kuifanya kwa kitambaa. Bajaji, mlinzi, mtu wa mkokoteni: wote nikawapaka kwa lami na majani niliyoyanakili kutoka sehemu nyingine ya picha. Saa mbili usiku nilikuwa na Posta isiyo na mtu hata mmoja. Ukipita pale siku ya kazi utajua huo ni uongo wa aina gani.

Halafu mhariri akapiga simu. Picha inakwenda ukurasa wa kulia, akasema, na maandishi yatakuwa kushoto. Sasa bunduki inaelekea nje ya jarida, msomaji atatoka nayo. Hiyo ni kanuni ya kweli ya wapangaji wa kurasa, mtu kwenye picha aangalie ndani. Nilibonyeza mara moja tu. Askari akageuka. Sikuona ubaya wowote. Herufi kwenye jiwe zilikuwa gizani na hazisomeki, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kunisuta. Niliituma, nikalala.

"Nilimgeuza mimi, babu," nikamwambia mzee. "Kwa kompyuta. Apendeze kwenye ukurasa."

Hakukasirika. Aliuliza tu, "Na wewe ulipomgeuza, ulijua anaangalia nini?"

Sikujua. Hilo ndilo lililonichoma, maana naishi Dar tangu nilipomaliza kidato cha sita, nimepita pale mara elfu, na kwangu sanamu ile ilikuwa mahali pa kumwelekeza mtu: shukia Posta, njoo mpaka Askari, utaniona. Nilikuwa nimeipiga picha bila kuisoma. Nikaanza kuisoma kwa kuchelewa.

Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927, na nyingine kama hiyo ziko Nairobi na Mombasa. Aliyeichonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Ilisubuliwa London, ikaonyeshwa kule kwanza kabla ya kupakiwa melini. Lakini si ya kwanza kusimama pale. Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao, amesimama juu kwa madaha, na chini yake kwenye ngazi askari Mwafrika anamtazama kwa kuinua shingo. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa. Ilisafiri mpaka Hamburg, ikasimamishwa chuo kikuu, na wanafunzi wa huko wakaja kuiangusha miaka ya 1960. Kwa mtu wa kamera hadithi hiyo ina jambo la kutazamwa: mahali ni pale pale, askari alikuwa chini akitazama juu, miaka kumi na kitu baadaye akapandishwa yeye juu. Pembe ya kumtazamia ikabadilika. Ukipiga picha kwa kuinua lenzi, kama nilivyofanya, unampa heshima ambayo mchongaji aliitaka. Ila huwezi kuinua lenzi bila kuacha kitu chini, na chini ndiko yaliko maneno.

Maneno yale yaliandikwa na Rudyard Kipling, mshairi, ambaye mwanawe wa pekee wa kiume alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915. Yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa mara mbili, kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu. Hizo za Kiarabu sikuwa nimezigusa. Mimi ni mtoto wa Singida, kwangu zilikuwa pambo.

"Ukienda tena," mzee alisema, "niletee hayo ya kwetu. Macho yangu hayafiki kule, na miguu ndiyo usiseme."

Nikarudi Novemba, vuli imeshaanza. Safari hii sikwenda na kamera siku ya kwanza. Nilikwenda na daftari, Jumapili, nikazunguka sanamu asubuhi, mchana na jioni, nikaandika tu mwanga unaangukia wapi. Mchana ulikuwa haufai kabisa: kwetu jua la saa sita linakaa utosini, na kila uso wa shaba unatobolewa mashimo meusi mahali pa macho. Asubuhi upande wa bahari unapata mwanga mzuri, wa pembeni, kabla majengo hayajaanza kugombania jua. Alasiri mwanga unatoka nyuma yangu nikisimama pale pale nilipokosea mwanzo. Siku moja ya kutopiga picha ilinifaa kuliko picha arobaini za Agosti, na nasema hivi nikijua ni ushauri usiouzika, maana anayeagiza picha anataka jana.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha mchana, ikakatika saa kumi. Shaba iliyolowa haifanani na kavu. Mikunjo ya sare ilikuwa inang'aa ukingoni na kuzama giza ndani, kila kifungo kinahesabika, na anga ilikuwa ya kijivu iliyotulia, haigombani na mtu. Nilibadilisha lenzi, nikatumia ya milimita 85, nikarudi nyuma mbali kiasi cha kuhitaji kumwomba muuza magazeti anipishe. Ukisimama mbali majengo hayalewi. Nikapima mwanga kwenye shavu la askari, si angani. Kunguru alikuwepo, sijui kama ni yule yule. Nikamwacha.

Kisha nikavuka na stendi ya miguu mitatu kwenda kwenye maandishi.

Herufi zikipigwa mwanga wa mbele kwa mbele hupotea. Weka mmweko wa kamera usoni mwa maandishi, utapata bamba jeupe lisilo na neno. Kinachozitoa ni mwanga wa kukwangua, unaotoka pembeni kabisa, karibu ulale juu ya uso wenyewe, ili kila mkwaruzo utupe kivuli chake. Nilingoja giza lianze kuingia. Kijana mmoja aliyekuwa anafunga kisanduku chake cha kung'arishia viatu alikubali kunishikia tochi. Nilimwambia aishushe, aisogeze kushoto, ashushe tena, mpaka akacheka: "Bro, sasa naimulika sanamu au namulika ukuta wa benki?" Hapo hapo zikatokea. Alipoilaza tochi kabisa, herufi zilipanda kutoka kwenye bamba moja moja, na vile vidoti vya juu na chini vikakaa mahali pake. Nikapiga kwa sekunde nne, ISO 100, bila kuigusa kamera, kwa kutumia saa yake ya kuchelewesha. Nikapiga tena tochi ikiwa kulia. Nikapiga ikiwa juu. Kijana hakutaka hela nyingi, alitaka kuona. Nilipomwonyesha kwenye kioo alisema kuwa amekaa pale miaka mitatu na hakuwa amejua kwamba kuna maandishi upande ule.

Usiku huo nikakaa tena kwenye kompyuta, programu ile ile, vitelezi vile vile. Sitaki kujifanya mtakatifu: nilivuta vivuli bila aibu. Niliondoa rangi yote nikabaki na weusi na weupe, maana rangi ya tochi ya simu haina habari yoyote ya kumpa msomaji. Nikainua tofauti ya giza na mwanga katika eneo la herufi peke yake, taratibu, nikiacha kila hatua kidogo kabla macho hayajaridhika, kwa kuwa macho ya usiku hupenda chumvi nyingi. Nikaziweka picha tatu za tochi tatu moja juu ya nyingine, nikachukua kwenye kila moja sehemu ambayo herufi zimejitokeza vizuri. Kulikuwa na mstari mweusi uliokatiza neno moja. Sikujua ni ufa, uchafu au herufi. Agosti ningeufuta. Safari hii niliuacha, kwa sababu rahisi tu kwamba sikujua kusoma.

Nilipokuwa natafuta nafasi kwenye diski nikakutana na faili ghafi za Agosti. Nikaifungua ile ya asili, kabla sijaipaka. Mtu wa mkokoteni alikuwa pale pale, chini ya askari, kichwa kimeinama, mishipa ya shingo imesimama, maboksi nyuma yake kama nyumba. Ndiye kitu pekee kilichotulia vizuri kwenye lenzi siku ile. Nikahifadhi nakala.

Mzee alivaa miwani, akavaa na ya pili juu ya ya kwanza. Nilikuwa nimechapa maandishi kwa ukubwa wa gazeti la wazi. Alifuata kwa kidole, kulia kwenda kushoto, midomo ikitangulia sauti. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kinataka mtu anayekijua Kiswahili tayari: irabu tatu za Kiarabu zinabeba irabu zetu tano, kwa hiyo msomaji anachagua mwenyewe kama ni *o* au *u*, *e* au *i*, kwa kuangalia neno linataka kuwa nini. Alikosea, akarudi, akacheka peke yake. Kwenye ule mstari mweusi alisimama. Akaisogeza karatasi mwangani.

"Huu ni mkia wa herufi," akasema, na kuendelea.

Alipofika mahali wanapotajwa wachukuzi, kwamba jeshi liliwatumia wao kama mikono yake na miguu yake, aliondoa kidole. Alikaa kimya kidogo, halafu akanyoosha mkono kuuonyesha mtaa wake, maduka, pikipiki, watu na mizigo yao.

"Unajua hapa panaitwaje?"

Nilijua, kila mtu anajua. Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, walikuwa na kambi yao hapa, na jina likapita midomoni mwa watu likatoka Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao. Nilichokuwa sijui ni kwamba babu yake mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa shambani upande wa Kisarawe, mwaka ambao Waingereza walikuwa wanafukuzana na Wajerumani Rufiji katika mvua. Waliondoka wengi kutoka kijiji kile. Aliyerudi alisema hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa, na unga usioiva. Kule Rufiji ndivyo ilivyokuwa kwa wapagazi wengi: magonjwa na njaa viliwamaliza kabla ya bunduki.

Kandokando ya barabara ya Bagamoyo kuna makaburi ya vita yaliyopangwa kwa mistari, mawe yenye majina, majani yamekatwa. Babu yake hayumo. Mwaka 2021, miaka kadhaa baada ya siku ile kibarazani, taasisi ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilitoa ripoti yake yenyewe ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, waliofia vita ile hawakukumbukwa kwa majina, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Nilipoisoma nilikumbuka namna mzee alivyomalizia. Maandishi ya Posta yanafunga kwa ahadi: anayefia nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Mzee aliisoma sentensi hiyo mara mbili, ya pili kwa sauti ya mtu anayemkariri jirani mwongo.

"Sisi tumelikumbuka," akasema. "Wao ndio hawakuliandika."

Akanitajia jina. Kisha akauliza, "Hiyo kompyuta yako iliyomgeuza askari, inaweza kuliandika hapa jiweni, chini ya haya?"

Inaweza. Kwa dakika kumi ningetengeneza herufi zenye kivuli upande ule ule wa tochi, na hakuna ambaye angetambua. Nilimwambia inaweza, lakini sitaki, na nikajisikia vibaya kumnyima mzee wa umri ule kitu kidogo hivyo huku nikiwa nimemkubalia mhariri kitu kikubwa kwa simu moja. Nikajaribu kueleza: likiandikwa jiweni, atakayeiona picha atadhani liliandikwa tangu zamani, na wale ambao hawakuliandika watapata sifa.

Alifikiri. "Basi acha jiwe," akasema. "Hapa je?" Akaweka kidole kwenye ukingo mweupe wa karatasi, ambao mashine ya kuchapia huuacha pande zote na mimi huukata.

Tukaita mjukuu alete kalamu. Mzee akajiweka sawa, akainama, akaanza kutoka kulia. Wino haukushika. Nilikuwa nimechapa kwenye karatasi ya kung'aa, na kalamu ikateleza juu yake ikiacha mfuo mkavu usio na rangi, ambao ungeweza kuuona tu ukiinamisha karatasi na kuuelekeza pembeni mwangani. Akajaribu tena kwa nguvu zaidi. Akanirudishia kalamu na picha.

"Kachape nyingine," akasema, "kwa karatasi ya watu. Na huku chini uache nafasi pana, jina lake refu."